Uzi: Disertasio (insha za shule) zinaandikwa na akili bandia. Sisi wa shule za serikali Lubumbashi tunafanya nini?

#1 MwalimuWaKatuba

Jambo wote. Nafundisha Kifaransa kwenye shule ya serikali hapa Lubumbashi, klasi za tano na za sita humanité, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Swali langu ni kwa walimu, wazazi, na wanafunzi wenyewe kama wamo humu.

Niliwapa finalisti, wale wa mwaka wa mwisho, disertasio ya kufanya nyumbani, mada ilikuwa heshima ya kazi ya mikono. Karatasi zilipokuja nikakuta Kifaransa ambacho sijawahi kukisikia midomoni mwao. Aya zimepangwa vilevile, viunganishi vilevile, na karibu zote zinamalizikia kwa "en définitive". Nikamwita kijana mmoja, mwenye bidii kabisa, nikamwomba anieleze sentensi yake ya pili kwa Kiswahili tu. Akanyamaza. Baadaye nikatoa mada ya jamaa na ile, ndani ya klasi, kalamu na karatasi. Wengi hawakuvuka utangulizi.

Wanatumia ChatGPT kwenye simu za wazazi. Dai langu ni hili: kazi ya nyumbani kama tulivyoijua imekwisha, na anayesema "tukataze tu" hajahesabu simu zilizoko mtaani. Lakini pia siwezi kuwaachia mashine watoto ambao kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wataandika disertasio kwa mkono, bila simu, mbele ya msimamizi. Kwenu mmeamua nini?

#2 Mama_wa_Ruashi

Asante mwalimu. Mwanangu wa kwanza ni finalisti. Simu ni yangu na mega za intaneti nanunua mimi. Ananiambia "mama, niko nasoma", na kweli namwona macho yako kwenye maandishi marefu. Mimi niliacha shule ya nne primeri, Kifaransa kile kinanipita. Nitajuaje anasoma au anakopia? Kwenye mikutano ya wazazi mnatuambia tuwafuate watoto nyumbani. Tuwafuate kwa kutumia nini?

#3 Finalisti_Kamalondo

Miye niko finalisti, siansi. Ukweli ni kwamba tunatumia, karibu wote. Lakini mwalimu, hata kabla ya IA (akili bandia) tulikuwa tunakopia. Tulikopia kwa yaya zetu (kaka na dada wakubwa), tulikopia kaye (daftari) za wale waliotutangulia, na kuna waliolipa mtu awaandikie. Leo mashine njo imechukua kazi ya yule mtu.

Na kwenye matematika inanisaidia kweli. Klasi yetu tunapita 70. Mwalimu anaeleza mara moja, kengele inalia, anaenda klasi nyingine. Kule nauliza mara tano na hakuna mtu ananicheka.

#4 Prefe_Mstaafu

Kijana wa #3 amegusa kidonda. Tatizo lilianza kabla ya mashine. Tangu masomo ya bure ya 2019 klasi zimejaa, mwalimu mmoja ana karatasi mia mbili za kusahihisha, hazisomi. Anapiga saini tu. Mtoto akishajua kazi yake haisomwi, kwa nini aiandike mwenyewe? Mimi ningekuwa na umri wao ningefanya hivyohivyo. Turudishe klasi za watoto 40 na utaona ChatGPT inapotea yenyewe.

#5 Karani_wa_Shule

Prefe, heshima kwako, ila tuweke sawa. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya primeri. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hivyo: elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure kwenye shule za serikali. Humanité wazazi bado wanalipa. Tena fanya hesabu: mtoto aliyeingia ya kwanza Septemba 2019 alimaliza ya sita primeri 2025. Finalisti wa #1 hawakutokea kwenye lile wimbi. Walikuwa wanakaribia kumaliza primeri wakati linaanza.

Klasi za humanité zilijaa zamani, na sababu zake ni nyingine.

#6 Prefe_Mstaafu

Umenena sawa kuhusu mwaka. Bado nasema karatasi hazisomwi.

#7 Tata_Wawili

Mimi sielewi mjadala mrefu wa nini. Hata Marekani, waliotengeneza hiki kitu, wamekikataza mashuleni. Sisi tunataka kuwa mbele yao?

#8 Fundi_UNILU

Tata, ile habari ni ya zamani na haikuwa Marekani nzima. Shule za serikali za jiji la New York ziliifunga ChatGPT kwenye mitambo yao Januari 2023. Mei ya mwaka uleule wakaondoa zuio, mkuu wa shule zote za jiji akasema walikuwa wamekimbilia woga. Estonia nao wameanza mpango wa nchi nzima tangu Septemba 2025: wanafunzi wapatao elfu 20 wa sekondari pamoja na walimu wao.

Lakini Estonia kila shule ina intaneti. Nasema tu ili tusijenge hoja juu ya habari iliyokufa.

#9 DD_Kampemba

Mimi ni mkurugenzi wa nidhamu. Kwetu tumepata dawa. Kuna tovuti unaweka maandishi, yanakuambia asilimia ngapi yameandikwa na mashine. Trimestri hii wawili wamepata sifuri na wazazi wameitwa. Tangu hapo kelele zimepungua.

#10 Fundi_UNILU

Papa DD, nakuomba usiwape sifuri kwa ushahidi huo peke yake. OpenAI, kampuni yenyewe ya ChatGPT, ilitoa kifaa chao cha kutambua mwanzoni mwa 2023. Kilikuwa kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwenye maandishi ya binadamu kilikosea asilimia 9. Julai 2023 wakakiondoa wenyewe, wakasema usahihi wake ni mdogo.

Kuna jambo baya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha za watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, za mtihani wa TOEFL, wakazipitisha kwenye vifaa saba vya namna hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine, na zilikuwa za watu. Sababu yao: anayeandika lugha isiyo yake hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na kifaa kinaona hiyo ni alama ya mashine. Ile ilikuwa Kiingereza. Lakini watoto wetu na Kifaransa wako hali gani? Mtoto aliyekariri mpango wa disertasio aliopewa na mwalimu wake ataonekana mashine kabla ya mwingine yeyote.

#11 DD_Kampemba

Nitakubali kuwasikiliza tena wale wawili. Lakini niambie basi nitumie nini. Nisipoadhibu, wale wanaoandika wenyewe wanaona wao ndio wajinga.

#12 Yaya_Bel_Air

Tumia kinywa, papa DD. Mwite mtoto, muulize. Mwalimu wa #1 alimkamata kwa sentensi moja, bila megabaiti hata moja 😊

#13 MwalimuWaKatuba

Yaya, kweli, lakini kwa klasi mbili za watu 65 huwezi kumhoji kila mmoja kila juma. Ninachofanya sasa nachagua watano bila kuwaambia mapema. Kila mmoja anakuja na karatasi yake, ananieleza kwa nini aliweka hoja hii kabla ya ile. Kiswahili au Kifaransa, sijali, nataka nione kama fikra ni yake. Alama ya karatasi inategemea maelezo yale. Hofu ya kuitwa inafanya kazi hata kwa ambao hawakuitwa.

#14 Mkaguzi_Pembeni

Mmesema juu ya wanafunzi tu. Mimi nazunguka kukagua walimu. Siku hizi nafungua fishi za matayarisho (karatasi ambamo mwalimu anapanga somo lake) za shule mbili zilizo mbali, nakuta somo lilelile na malengo yaleyale, hata mfano ni uleule. Moja ilikuwa ya primeri, hesabu ya kutoa na kujumlisha, mfano wake ni abiria wanaopanda na kushuka kwenye metro. Nikamuuliza mwalimu metro ni nini. Akasema ni basi.

Nawauliza kwa upole: mwalimu anayeleta fishi ya namna hiyo atamwambia nini mwanafunzi aliyeleta disertasio ya namna hiyo?

#15 Mwalimu_Primeri_Kenya

Mkaguzi, mimi nafundisha primeri, komini ya Kenya hapahapa Lubumbashi, na nitajibu bila kuficha. Mwalimu wa primeri anashika masomo yote ya klasi yake. Kila somo fishi yake, kila siku, kwa mkono, pamoja na kitabu cha alama na jurnali ya klasi. Jioni ninauza kidogo mbele ya nyumba kwa sababu mshahara hautoshi. Ndiyo, naomba IA inipe mpango. Halafu nabadilisha. Ilinipa tufaha na matikiti, nikaweka magunia ya makala (makaa) na vikopo vya unga wa sokoni, bei za kweli ambazo watoto wanatumwa nazo. Somo likawa zuri kuliko lile la kaye ya zamani niliyoachiwa.

Tofauti yangu na yule wa metro ni kwamba mimi nilisoma kabla ya kuingia klasi. Kama unataka kutusaidia, ukague kama somo linaeleweka na watoto. Fishi ni karatasi.

#16 Mkaguzi_Pembeni

Mama, jibu lako nimelipokea. Ila fishi haikuwekwa ili tujaze karatasi. Iliwekwa ili mwalimu afikiri kabla hajasimama mbele ya watoto. Mtu akiruka hatua hiyo kila siku, baada ya miaka michache hawezi tena kupanga somo bila simu. Nimeanza kuwaona, na ni vijana waliotoka pedagojia juzijuzi.

#17 Historia_na_Wazee

Mimi ni wa historia. Nimeitumia klasini kwa njia nyingine, labda itawafaa. Niliiuliza mashine, mbele ya wanafunzi wa ya tano, juu ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, hapa Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), Desemba 1941. Wengi humu mnaijua habari: wafanyakazi walidai mshahara wakati wa vita, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba yao, akauawa pale.

Mashine ilijibu kwa Kifaransa kizuri sana. Mwaka ilipatia. Jina la kiongozi ililotoa halimo popote nilipowahi kusoma. Idadi ya waliokufa iliitaja moja tu, bila kusita, wakati tunajua mpaka leo hesabu za wakoloni na hesabu za wazee hazilingani. Nikawapa kazi: kila kikundi kichague sentensi mbili za mashine, kizihakikishe. Wengine wakaenda makumbusho ya Lubumbashi, wengine kwa mababu waliokuwa na baba kwenye Gécamines ya mwaka 1941.

Sijawahi kuona klasi ikigombana juu ya chanzo cha habari namna ile. Kwangu hapo ndipo IA inaingia shuleni kwa heshima: kama mshitakiwa anayehojiwa.

#18 Mtoto_wa_Mgodi

Mwalimu wa historia, kazi nzuri sana, lakini mwaka 1941 hakukuwa na Gécamines 😄 Ilikuwa Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906. Serikali iliichukua mwanzoni mwa 1967 ikaitwa kwanza Gécomin, jina la Gécamines likaja miaka ya 70. Wanafunzi wako wakisoma uzi huu watakuhoji na wewe.

#19 Historia_na_Wazee

Asante, na wanihoji kabisa. Wazee wenyewe wanasema "Gécamines" kwa miaka yote.

#20 Mtoto_wa_Mgodi

Baba yangu alisoma kwenye shule za kampuni. Vitabu vya bure, daftari za bure, mwalimu analipwa kwa wakati. Leo betri za simu hizi zina kobalti ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia nzima inachimbwa upande wetu huu, Kolwezi na kando yake, na mjukuu wake anaazima simu ya jirani ili aulize swali la kemia. Hilo linaniuma kuliko disertasio.

#21 Tata_Wawili

Tumetoka barabarani, turudi. Kuna mtu ana ushahidi kwamba kitu hiki kinafundisha kweli? Siyo maoni.

#22 Fundi_UNILU

Tata, ushahidi upo na unavutana.

Uturuki, wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja, somo la hesabu. Kundi moja walipewa IA ya kawaida wakati wa mazoezi. Walifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko wasiokuwa nayo. Mtihani ulipokuja bila mashine, wakaanguka chini ya wenzao kwa asilimia 17. Kundi lingine walipewa mashine iliyowekewa masharti na walimu: isitoe jibu, itoe dokezo. Hao kwenye mazoezi walipaa zaidi, asilimia 127, na kwenye mtihani hawakuumia, walikuwa sawa na wasioitumia kabisa.

Nigeria, mji wa Benin, jimbo la Edo, katikati ya 2024, mradi wa Benki ya Dunia. Majuma sita, baada ya saa za masomo, wanafunzi walijifunza kwa IA, Kiingereza zaidi. Waliohudhuria walipita wenzao kwa umbali ambao watafiti wenyewe walishangaa. Ghana kuna programu ya hesabu inayopita WhatsApp, nusu saa mara mbili kwa juma, nayo ilileta nyongeza.

#23 Finalisti_Kamalondo

Unaona! Nilisema inasaidia.

#24 Prefe_Mstaafu

Kijana, soma tena ile ya Uturuki polepole. Wewe uko kwenye kundi la kwanza, la asilimia 17. Kwenye mazoezi unajiona mkubwa.

Na ile ya Nigeria, Fundi, umeacha jambo. Nimesoma habari yake: walimu walikuwa ndani ya chumba, wakitoa mada, wakiongoza, wakiwasaidia kutathmini majibu. Haikuwa mtoto na mashine peke yao. Basi tuseme ni mashine iliyofundisha, au ni masaa ya ziada pamoja na mwalimu na umeme usiokatika? Nipe majuma sita ya masaa ya ziada na walimu wanaolipwa, hata kwa ubao na chaki nitakuletea matokeo.

#25 Fundi_UNILU

Ni hoja ya haki. Wale waliolinganishwa nao hawakupewa masaa ya ziada ya chaki, kwa hiyo utafiti ule peke yake hauwezi kukujibu.

#26 Mwalimu_Njia_ya_Kasenga

Nawasoma tangu jana. Mimi niko nje ya mji, barabara ya Kasenga. Shule yangu haina umeme. Simu tunachajia kwa mtu mwenye paneli ya jua, kwa kulipa. Mtandao unaupata ukipanda kilima. Wanafunzi wangu watafanya Examen d'État ileile, siku zilezile, na wa Kamalondo.

Nikisikia "kuingiza IA kwenye shule za serikali" najiuliza shule zipi. Mimi ningeanza na vitu visivyohitaji mtandao. Kuna Kolibri, programu ya bure, unaweka masomo na mazoezi kwenye kompyuta moja ndogo, simu zilizo karibu zinasoma bila intaneti. Kuna Kiwix, inabeba Wikipedia nzima ya Kifaransa kwenye kadi. Siyo IA. Lakini mtoto wangu hana hata kitabu cha biolojia, na mnataka nimpe mashine ya kumfupishia kitabu.

#27 Yaya_Bel_Air

#26 asante, post bora ya uzi huu.

#28 Mwanasheria_Komini

Naongeza upande ambao haujaguswa. Kuna shule, siitaji, ambayo sekretari anapiga picha za buletini (ripoti za alama) nzima, anazipakia kwenye IA ili imtolee wastani na maoni ya mwalimu. Majina, tarehe za kuzaliwa, namba za wazazi, alama, nidhamu, vyote vimeenda kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Tuna Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu tarehe 13 Machi 2023, na inalinda data za mtu binafsi. Shule haijaulizwa, mzazi hajaulizwa.

Na umri. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanataka miaka 13 kwenda juu, na chini ya 18 mzazi akubali. UNESCO kwenye mwongozo wake wa Septemba 2023 inakataza chini ya 13 darasani. Kwa hiyo primeri tuitoe kabisa kwenye mjadala.

#29 Karani_wa_Shule

UNESCO haikatazi, inapendekeza serikali ziweke mpaka huo wa 13. Uamuzi ni wa nchi. Mengine uko sawa. Hilo la buletini limenishtua, maana najua wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa, kwa sababu kupiga wastani wa watoto 400 kwa mkono kunaua macho.

#30 Mwanasheria_Komini

Watumie jedwali la kawaida la kompyuta. Linapiga wastani bila kumpelekea mtu yeyote.

#31 Mwalimu_Primeri_Kenya

Kuhusu primeri, mimi naitumia nyumbani kwa matayarisho, watoto hawaigusi. Natumaini hiyo bado inaruhusiwa na mwanasheria wetu 🙏

#32 Mwanasheria_Komini

Inaruhusiwa mama, endelea. Majina ya watoto tu usiyaweke.

#33 Mama_Kiswahili_Bukavu

Mimi ni wa Bukavu, niko Lubumbashi kwa sasa. Mnatafuta sababu mbali. Sababu ni Kifaransa. Mtoto anaanza primeri kwa Kiswahili miaka miwili ya mwanzo, na hiyo ni pale ambapo mpango unafuatwa. Halafu anageuziwa lugha. Anafika ya sita humanité akiwa na mawazo mengi na maneno machache. Yule kijana wa #1 aliyenyamaza, mimi siamini alikuwa mtupu. Angeambiwa aandike juu ya kazi ya mikono kwa lugha ya nyumbani kwao, angemwandikia mwalimu juu ya baba yake fundi mpaka karatasi iishe. Mashine inampa Kifaransa ambacho shule haikumpa. Anaikimbilia kwa aibu. Wavivu ni wachache.

Mwanangu naye anaiuliza kwa Kiswahili, inamjibu kwa Kiswahili cha Dar na Nairobi. Anaelewa vipande. Anarudi kwenye Kifaransa.

#34 MwalimuWaKatuba

Mama, umenifikirisha. Nitamwomba aandike kwanza kwa Kiswahili. Lakini kwenye Examen d'État, karatasi itamtaka Kifaransa, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

#35 DD_Kampemba

Nami nina sababu yangu, haijasemwa. Ukiondoa disertasio na mitihani mingine ya nje ya sesio, inayofanywa kabla ya sesio yenyewe, Examen d'État ni maswali ya kuchagua jibu, na kompyuta njo inasahihisha. Kwa miaka mingi tumemfundisha mtoto kwamba jibu lipo tayari, kazi yake ni kulitambua. Halafu tunashangaa anatafuta jibu lililo tayari?

#36 Prefe_Mstaafu

Hapo sikubali. Maswali ya kuchagua yalituokoa na upendeleo wa wasahihishaji. Mtihani huu uko tangu 1967, na wahandisi na madaktari wametoka humo.

#37 MwalimuWaKatuba

Nimekaa na wenzangu wawili na prefe wetu (mkuu wa shule), tumeandika utaratibu wa majaribio kwa klasi za sita. Nauweka hapa muupige mawe.

Mwanafunzi anaandika kwanza kwa mkono, klasini, mpango na utangulizi wake, nami naupigia saini. Baada ya hapo anaruhusiwa kuiuliza IA nyumbani, lakini kuomba makosa yake na maswali, asiombe disertasio iliyokamilika. Analeta karatasi ya kwanza na ya pili zikiwa zimeshikana, na chini anaandika aliuliza nini na alikataa nini katika majibu. Asiye na simu hapotezi alama hata moja, maana alama kubwa iko kwenye karatasi ya kwanza na kwenye maelezo ya mdomo. Hakuna sifuri kwa sababu ya tovuti ya kutambua. Jina la mtoto au la shule lisiwekwe kwenye mashine. Mzazi anasaini kwamba amekubali.

#38 Finalisti_Kamalondo

Mwalimu hiyo ni kazi mara mbili!

#39 Yaya_Bel_Air

Ndiyo kijana, umeelewa vizuri 😊

#40 Mwalimu_Njia_ya_Kasenga

"Hapotezi alama hata moja", nimefurahi kuiona. Lakini hata bila alama, mwenye simu atarekebishwa Kifaransa chake mara kumi kabla ya mtihani na asiye nayo mara moja. Kwa nini shule isiwe na simu moja au mbili, baada ya masomo, watoto wanauliza kwa zamu mbele ya mwalimu? Kamati ya wazazi inaweza kuchangia mega.

#41 Tata_Wawili

Michango tena? Kamati yetu inadaiwa bati za paa.

#42 Prefe_Mstaafu

Swali kwa #37: nani atasoma karatasi mbili kwa kila mtoto, wakati moja ilikuwa haisomwi?

#43 MwalimuWaKatuba

Prefe, nitasoma ya kwanza zote. Ya pili nitasoma za wale watano wa juma. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi, na sitaki kuahidi uongo.

#44 Mama_wa_Ruashi

Mimi nauliza juu ya ile saini ya mzazi. Karatasi yenyewe mtaileta kwa Kifaransa? Mwaka jana nilisaini karatasi ya shule nikidhani ni ya chanjo, kumbe ilikuwa ya kutoa pesa ya matembezi. Mkiiandika kwa Kiswahili nitaisoma mwenyewe, na jioni nitamuuliza mwanangu swali moja moja kutoka humo kabla sijampa simu.

#45 Karani_wa_Shule

Mwalimu wa Katuba, nitumie kwa ujumbe wa ndani. Naiandika kwa Kiswahili leo usiku kama umeme utakuwepo, kurasa moja, herufi kubwa. Mwanasheria aipitie sehemu ya majina kabla haijachapwa.